Mvua, njaa na daftari: zaidi ya miaka mia moja ya kutabiri milipuko ya malaria

Kila juma, katika vituo vya afya vya Kivu, muuguzi anafungua daftari kubwa na kuanza kuhesabu. Wagonjwa wangapi walikuja na homa. Wangapi walipimwa tone la damu ya kidole. Wangapi walikutwa na malaria. Watoto wangapi wa chini ya miaka mitano walifariki. Jumla inatumwa kwenye ofisi kuu ya zone ya afya kwa simu, kwa foni pale ambapo mtandao haufiki, au kwa karatasi inayobebwa na mtu wa pikipiki. Kutoka hapo tarakimu zinaingia katika kompyuta, zinapanda hadi jimboni, kisha Kinshasa.

Miaka hii, tarakimu za aina hiyo zimepata msomaji mpya. Katika nchi mbalimbali wataalamu wanatumia akili bandia, ile ambayo vijana wa mjini wanaita IA, ili kutabiri mahali ambapo magonjwa yanayoletwa na mbu yatapanda: malaria, dengue, homa ya Bonde la Ufa. Lengo lao linaeleweka na mama yeyote aliyewahi kukimbia usiku na mtoto mwenye degedege: dawa, vipimo na vyandarua vifike mahali kabla ya homa kufika, sio baada ya makaburi kuchimbwa.

Lakini kwa jamaa iliyokimbia vita na kulala chini ya hema la plastiki, swali ni lingine. Je, mashine hiyo inamwona mtu ambaye hana anwani? Historia ya kazi hii ina jibu. Inaonyesha kwamba watu walifaulu kutabiri milipuko tangu zamani, hata kabla kompyuta haijatengenezwa. Kilichokosekana mara nyingi ni vitu viwili vingine: hesabu kamili ya watu, na hatua ya haraka baada ya onyo.

Punjab, mwaka wa 1908

Tarehe 20 mwezi wa nane 1897, daktari Mwingereza Ronald Ross, akiwa Secunderabad nchini India, aliona kijidudu cha malaria ndani ya tumbo la mbu. Kabla ya hapo watu wengi, hata madaktari, waliamini kwamba homa inatoka katika hewa mbaya ya vinamasi. Baada ya Ross, swali lilibadilika. Kama ni mbu, na kama mbu anazaliwa majini, basi je, mtu anaweza kutazama mvua na kujua homa itakuja lini?

Jaribio kubwa la kujibu swali hilo lilitokana na msiba. Mwaka wa 1908 jimbo la Punjab, India ya wakati wa ukoloni wa Uingereza, lilipata mvua nyingi na mafuriko. Katika mwezi wa kumi na wa kumi na moja homa ikaangusha watu kwa wingi. Katika mji wa Amritsar karibu kila nyumba ilikuwa na wagonjwa, kazi zilisimama, na chakula kilikuwa kigumu kupatikana kwa sababu wachuuzi wenyewe walikuwa kitandani. Vifo vya miezi ile vilivyohusishwa na malaria vilikadiriwa kufika 300,000 katika jimbo hilo.

Serikali ya kikoloni ilimtuma daktari S. R. Christophers kuchunguza. Ripoti yake ilitoka mwaka wa 1911. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na madaftari ya vifo, yaliyorudi nyuma hadi mwaka wa 1868. Ni muhimu kujua madaftari hayo yalijazwa na nani. Katika kila kijiji kulikuwa na mlinzi, na kazi yake moja ilikuwa kuripoti waliokufa kwenye kituo cha polisi. Mara nyingi mlinzi huyo hakujua kusoma. Hakujua pia kutofautisha malaria na magonjwa mengine, kwa hiyo vifo vingi viliandikwa kwa neno moja tu: homa. Hata hivyo hesabu ile ya watu wa kawaida, iliyorudiwa mwezi kwa mwezi kwa miaka arobaini, ilitosha kuonyesha mwendo wa ugonjwa.

Christophers aliweka tarakimu hizo kwenye ramani na kuzilinganisha na mambo mengine. Aliona kwamba miaka ya maafa ilifuata mvua kubwa kupita kawaida. Lakini mvua peke yake haikutosha kueleza. Miaka mibaya zaidi ilikuwa ile ambayo mvua ilikuja wakati bei ya nafaka ilikuwa juu, baada ya mavuno mabaya. Mtu mwenye njaa na mtu aliyeshiba wanaweza kuumwa na mbu mmoja, lakini hawafi sawasawa. Kwa hiyo katika hesabu yake bei ya soko iliwekwa pamoja na kipimo cha mvua.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1920, afisa wa afya C. A. Gill alitumia mafundisho hayo kutengeneza utabiri wa kila mwaka. Alitazama mvua ya mwezi wa saba na wa nane. Alitazama bei ya nafaka. Alitazama watoto wa shule, wangapi wana wengu uliovimba, kile kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto, kwa sababu wengu uliovimba ni alama kwamba mtoto ameshapata malaria mara nyingi na mwili wake umezoea kiasi. Mahali ambapo watoto wengi hawakuwa na alama hiyo, watu walikuwa kama kuni kavu. Kabla ya majira ya homa, wilaya zilizo hatarini zilitajwa ili ziandaliwe dawa ya kwinini. Utabiri huo uliendelea hadi mwanzo wa miaka ya 1940. Mwaka wa 1949 mtaalamu wa takwimu Satya Swaroop alichapisha tathmini yake: haukuwa kamili, lakini ulikuwa bora sana kuliko kubahatisha.

Kwa nini mvua inatoa onyo

Sababu iko katika maisha ya mbu na ya kijidudu. Mvua inaacha madimbwi. Mbu jike wa malaria anataga mayai majini, na kutoka yai hadi mbu kamili zinapita siku saba hadi kumi na nne, kulingana na joto. Mbu huyo hazaliwi na malaria. Lazima kwanza amuume mtu mgonjwa, kisha kijidudu kikae ndani yake siku kumi au zaidi kabla hajaweza kumwambukiza mwingine. Na mtu aliyeambukizwa naye anapitisha siku kadhaa kabla ya homa kuanza. Ukijumlisha hizo zote, kati ya mvua kubwa na foleni ndefu kwenye kituo cha afya kuna majuma mengi, pengine miezi miwili au mitatu. Nafasi hiyo ndiyo utabiri unaitumia.

Joto nalo lina sehemu yake. Kijidudu cha malaria kali hakikui ndani ya mbu pale ambapo baridi inashuka chini ya nyuzi 16 hivi. Ndiyo maana wazee wa milimani katika ukanda wa maziwa makuu walijua kwamba malaria ni ugonjwa wa bondeni. Lakini milima ilibadilika. Katika mabonde ya Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, na katika Rwanda na Burundi, vinamasi vya mafunjo vilikaushwa ili watu wapate mashamba. Kinamasi chenye mafunjo mazito kina kivuli na maji baridi. Yakikatwa, jua linapiga madimbwi madogo, maji yanapata moto, na mbu wa malaria anapata nyumba anayoipenda.

Mwaka wa 1997 na 1998 mvua za El Niño zilinyesha kupita kiasi Afrika ya Mashariki. Malaria ikapanda katika milima ya Kenya na Uganda, na pia kaskazini mashariki mwa Kenya, sehemu kavu kama Wajir. Katika sehemu kama hizo watu wazima walikufa pamoja na watoto, kwa sababu miili yao haikuwa na mazoea ya ugonjwa. Mwaka wa 2001 watafiti wa Kenya Andrew Githeko na William Ndegwa walichapisha njia ya hesabu iliyotumia joto na mvua kuonya juu ya milipuko ya milimani miezi miwili hadi minne kabla.

Jirani zetu wa Burundi hawakuwa na muda wa kungoja hesabu. Kuanzia mwisho wa mwaka wa 2000, malaria ililipuka katika majimbo ya milimani kama Kayanza, Ngozi na Karuzi. Hadi mwaka wa 2001, visa vilivyohesabiwa vilikaribia milioni tatu, katika nchi ambayo wakaazi wake hawakufika milioni saba. Mvua ilikuwapo. Lakini vilikuwapo pia vita, watu waliohamishwa makwao, njaa, na dawa ya kloroquine ambayo haikuwa ikiua tena kijidudu. Mambo ambayo Christophers aliyaandika mwaka wa 1911 yalikuwa yamerudi, pamoja na moja ambalo yeye hakulipa nafasi kubwa: watu wanaokimbia.

Onyo lilifika, chanjo ikachelewa

Kuna kisa kimoja cha Afrika ya Mashariki ambacho wataalamu wa utabiri hukirudia mara nyingi. Kinahusu homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo na watu uliotambuliwa Kenya, karibu na ziwa Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mbu wanaouanzisha wanataga mayai katika mabonde madogo yanayokauka, na mayai hayo yanaweza kukaa udongoni miaka mingi yakingoja mafuriko. Mvua kubwa ikijaza mabonde, mbu wanatoka kwa wingi, ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaharibu mimba, kisha watu wanaambukizwa kwa kuumwa na mbu au kwa kugusa damu na nyama ya mnyama mgonjwa.

Mwaka wa 1999 Kenneth Linthicum, Assaf Anyamba na wenzao walionyesha kwamba milipuko ya ugonjwa huu Kenya tangu mwaka wa 1950 ilifuatana na joto la bahari ya Pasifiki na bahari ya Hindi, na na ukijani wa majani unaoonekana kwa setelaiti. Walisema kwamba mtu anaweza kuonya hadi miezi mitano kabla. Mwaka wa 2006 bahari zilipata joto tena. Kuanzia mwezi wa tisa maonyo yalitolewa, na kufikia mwezi wa kumi na moja ramani zilionyesha sehemu za hatari za Kenya, Somalia na Tanzania. Mwezi wa kumi na mbili wagonjwa walithibitishwa Garissa. Utabiri ulikuwa sahihi.

Hata hivyo, katika Kenya peke yake watu 155 walihesabiwa kuwa wamekufa, na Tanzania 109. Chanjo ya mifugo ilianza wakati ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Baadaye wachunguzi walipozungumza na wafugaji Wasomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya, walikuta kwamba wafugaji wenyewe walikuwa wameona dalili mapema: mvua isiyo ya kawaida, kisha makundi ya mbu, kisha mifugo kutoka damu puani. Walikuwa na jina lao kwa ugonjwa huo, sandik. Kufwatana na hesabu iliyofanywa kutokana na maelezo yao, kati ya mvua na makundi ya mbu zilipita siku zipatazo 24, kati ya mbu na mnyama wa kwanza kuugua siku zipatazo 17, na kati ya mnyama na mtu wa kwanza tena siku zipatazo 17. Yaani karibu miezi miwili. Setelaiti iliona na mchungaji aliona. Kati yao na ghala la chanjo hapakuwa na njia ya haraka.

Mashine inayojifunza

Akili bandia imeingia katika historia hii kwa kufanya kazi ya Christophers kwa haraka na kwa ukubwa mwingine. Yeye alichagua mwenyewe vitu vya kulinganisha, akavipiga hesabu kwa mkono. Sasa mashine inapewa tarakimu za miaka mingi: wagonjwa wa kila juma, mvua, joto, ukijani wa majani, kimo cha milima, wingi wa watu. Inatafuta yenyewe ni mambo gani yalitangulia kila mlipuko. Kisha inapewa hali ya leo na kuulizwa: mwezi ujao itakuwaje? Ikikosea, inasahihishwa na kujifunza tena. Haijui mbu ni nini. Inajua tu kwamba tarakimu hizi zikionekana pamoja, kwa kawaida tarakimu ile inafuata.

Pale ambapo hesabu ni nzuri, kazi inaenda. Singapore, mji wenye dengue nyingi, sheria inalazimisha kila kisa kuripotiwa. Baada ya mlipuko mkubwa wa mwaka wa 2013, wataalamu wa huko walieleza mfumo unaotabiri dengue kila juma hadi miezi mitatu mbele, ili vitanda vya hospitali na kazi ya kuua mbu vipangwe mapema. Katika jimbo la Amhara, Ethiopia, watafiti wa huko na wa Chuo Kikuu cha Oklahoma walijenga mfumo uitwao EPIDEMIA. Unaunganisha picha za setelaiti na ripoti za kila juma za malaria kutoka wilayani.

Pale ambapo hesabu si ya kweli, mashine inakosea bila kujua kwamba inakosea. Mwaka wa 2008 kampuni ya Google ilianzisha mfumo wa kukadiria mafua kwa kuangalia maneno ambayo watu wanatafuta kwenye intaneti, na mwaka wa 2011 ikaongeza wa dengue. Mwanzoni ilisifiwa sana. Lakini katika majira ya baridi ya 2012 hadi 2013, makadirio yake ya mafua Marekani yalikuwa karibu mara mbili ya hali halisi. Watu wengi waliokuwa wakitafuta habari za mafua walikuwa wazima, wameogopeshwa na vyombo vya habari. Mwaka wa 2015 Google iliacha kutoa makadirio hayo, ya mafua na ya dengue. Hofu ya watu ilikuwa imehesabiwa kama ugonjwa.

Congo: ukubwa wa tatizo na udhaifu wa hesabu

Congo ina kila sababu ya kutaka utabiri. Kufwatana na Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, malaria iliua watu wapatao 608,000 duniani mwaka wa 2022, na kati ya kila vifo mia, karibu kumi na viwili vilikuwa vya Congo. Ni Nigeria peke yake iliyotangulia. Nchi imegawanywa katika zone za afya 519, na ripoti zake zinaingia katika programu inayoitwa DHIS2, iliyoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo chakula cha mashine kipo. Swali ni kama kimeiva.

Mfano wa kwanza ni Beni. Mwaka wa 2018, Ebola ilipokuwa ikiua Kivu ya Kaskazini, malaria nayo ilipanda. Homa ya malaria na mwanzo wa Ebola vinafanana. OMS ilieleza kwamba hadi nusu ya watu waliokuwa wakichunguzwa katika vituo vya Ebola walikutwa na malaria tu. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo ilifanyika kampeni ya kugawa dawa za malaria na vyandarua Beni, kwa lengo la kufikia watu 450,000. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini kwa mtu wa takwimu, daftari la mwaka kama huo ni gumu kusoma. Wagonjwa wakiogopa kituo, tarakimu zinashuka bila ugonjwa kushuka. Matibabu yakifanywa ya bure, tarakimu zinapanda kwa sababu walioshindwa kulipa sasa wanakuja. Mashine isiyoambiwa hayo itadhani mbu ndio wamepungua au kuongezeka.

Mfano wa pili ni Panzi. Si Panzi ya Bukavu, ni zone ya afya ya Panzi katika jimbo la Kwango, magharibi mwa nchi. Mwishoni mwa mwaka wa 2024 dunia nzima ilisikia habari za ugonjwa usiojulikana unaoua watoto huko. Kati ya tarehe 24 mwezi wa kumi na tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili vilihesabiwa visa 406 na vifo 31. Barabara zilikuwa mbovu kwa mvua, na timu za wataalamu zilichukua siku kufika. Vipimo vilipotoka, ikaonekana ni malaria pamoja na magonjwa ya kawaida ya kupumua, katika miili ya watoto iliyodhoofishwa na utapiamlo.

Mvua na njaa. Christophers angeutambua ugonjwa huo usiojulikana. Lakini mifumo mingi ya utabiri wa leo inatazama hasa mvua na joto, kwa kuwa setelaiti inavileta bure na kila siku. Bei ya unga wa muhogo katika soko la kijijini haionekani kutoka angani. Inajulikana kwa mama anayeenda kununua. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025, makadirio ya wataalamu wa chakula yalisema Wacongomani milioni 27.7 walikuwa katika njaa kali. Utabiri wa malaria usioweka njaa hiyo ndani ya hesabu uko nyuma ya ule wa miaka ya 1920.

Ugonjwa haukuisha, watu waliondoka

Mfano wa tatu uko karibu zaidi. Hadi mwanzo wa mwaka wa 2025, mamia ya maelfu ya watu waliokimbia vita Rutshuru, Masisi na Nyiragongo walikuwa wamejaa katika kambi kuzunguka Goma: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo na nyingine. Mwezi wa kwanza vita vikafika mjini. Mwezi wa pili kambi zikavunjwa, nyingi ndani ya siku chache. Wengine walirudi vijijini, wengine waliingia kwa jamaa mjini, wengine hawakujua pa kwenda.

Mtu achukue sasa daftari la malaria la kituo kilichokuwa kikihudumia kambi kama hizo. Juma moja lina mamia ya wagonjwa. Baada ya majuma machache, karibu hakuna. Mashine inayosoma tarakimu hizo bila kuambiwa habari za vita itaandika kwamba malaria imeisha. Ugonjwa haukuisha. Watu ndio waliondoka, na wengine walibeba kijidudu ndani ya damu hadi kijiji ambacho kituo chake kimeporwa na daftari lake halijulikani liko wapi. Kijiji hicho kitaonekana kwenye ramani kuwa salama, kwa sababu hakuna aliyeandika. Na kama dawa zinagawiwa kufuatana na ramani, zitaenda kwingine.

Kuna wanaosema dawa ya tatizo hilo ni simu. Mwaka wa 2012 watafiti walichapisha uchunguzi uliotumia alama za simu za karibu watu milioni 15 wa Kenya kuonyesha jinsi wasafiri wanavyobeba malaria kutoka sehemu za ziwa Victoria hadi Nairobi. Ilikuwa kazi ya maana, kwa sababu mbu hasafiri mbali. Mtu ndiye anayesafiri. Lakini katika nchi ya vita jambo hilo lina pande mbili. Alama ile ile inayoweza kuonyesha malaria inaelekea wapi inaweza kuonyesha watu waliokimbia wamejificha wapi. Jamaa zilizohamishwa zina haki ya kuuliza nani anashika habari hizo, anazihifadhi vipi, na nani mwingine anaweza kuziona. Na mama asiye na simu, au aliyeuza simu yake ili kununua bugali, hayumo katika hesabu hiyo hata kidogo.

Mambo ya kuuliza kabla ya kupiga makofi

Historia hii haisemi kwamba akili bandia haina faida. Ingekuwapo Burundi mwaka wa 2000, au Panzi mwaka wa 2024, ikiwa na tarakimu safi na gari lenye mafuta, pengine majuma kadhaa yangeokolewa. Majuma kadhaa kwa mtoto wa miaka miwili mwenye malaria kali ni muda mrefu sana, kwa kuwa ugonjwa huo unaweza kumuua ndani ya siku moja au mbili.

Inasema tu kwamba wakaazi na viongozi wao wanapoletewa habari ya mashine ya utabiri, kuna maswali ya kuuliza. Je, watu waliohamishwa wamehesabiwa, na katika zone gani? Je, bei ya chakula imo, au ni mvua tu? Onyo likitoka, linamfikia nani: ofisi ya Kinshasa na Geneva peke yake, au pia muuguzi, na yule mhudumu wa afya wa kijamii tunayemwita reko, na redio ya mtaa? Na baada ya onyo, dawa ziko ghala gani, nani ana ufunguo, na barabara gani iko wazi? Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa, kila katoni ya dawa iliyokuwa ikishuka pale ililazimika kutafuta njia nyingine. Hakuna utabiri unaoweza kuifungua njia hiyo.

Kuna pia sehemu ya kila jamaa. Mtoto akipata homa na kumezeshwa kinini kilichonunuliwa kandokando ya barabara bila kupimwa, huenda akapona, huenda asipone, lakini kwa vyovyote hakuandikwa. Akipelekwa kituoni au kwa reko na kupimwa, kwanza anapata dawa inayofaa, na pili anakuwa mstari mmoja katika daftari. Mama aliyehamishwa akitaja kijiji alikotoka na mahali anapolala sasa, anasaidia kuonyesha ugonjwa unatembea wapi. Akiona kwamba anaandikwa bila kuelezwa kwa nini, ana haki ya kuuliza.

Katika Punjab, yule mlinzi wa kijiji aliyetembea hadi kituo cha polisi kutaja majina ya wafu hakujua kwamba miaka mingi baadaye maneno yake yangesaidia kupeleka kwinini mahali panapofaa. Muuguzi wa Kivu anayejaza daftari lake kwa mwanga wa tochi, wengi wao wakipitisha miezi bila mshahara wa serikali, anafanya kazi ile ile. Serikali na mashirika yanayotafuta fedha za kununua mashine yangeanza kwa kumlipa yeye, na kumpa kalamu, vipimo, na daftari jipya kabla lile la zamani halijajaa.